Mtaji wa programu: ulizia kwanza mwenye ufunguo

Mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji wa kutengeneza programu ya kompyuta huuliza kwanza faida itapatikana lini. Swali hilo ni la msingi. Hata hivyo, liko jingine linalopaswa kulitangulia: programu hiyo itasimama juu ya kiwanja cha nani?

Tuchukue mfano wa programu zinazogeuza kishikwambi kuwa skrini ya pili ya kompyuta. Mtengenezaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kunasa skrini, yaani programu huchukua picha ya kile kinachoonekana tayari, huibana na kuituma upande wa pili. Ya pili ni skrini bandia. Hapa programu huiaminisha kompyuta kwamba imechomekewa skrini nyingine, nayo kompyuta hutenga eneo jipya la kazi. Kwa njia ya kwanza mteja hupata nakala ya alichonacho. Kwa njia ya pili hupata nafasi ya ziada, na hiyo ndiyo anayokuwa tayari kuilipia.

Mzigo wa kusafirisha picha ni mkubwa kwa njia zote mbili. Skrini ya vitone 1,920 kwa 1,080 huzaa takriban megabaiti 6 kwa picha moja. Kwa picha 60 kila sekunde, hizo ni megabaiti zipatazo 370 kwa sekunde kabla ya kubanwa. Kwa hiyo tofauti kubwa kwa mwenye mtaji haiko kwenye mzigo. Iko kwenye ruhusa.

Microsoft iliweka njia rasmi ya kunasa skrini katika Windows 8 mwaka 2012, na njia rasmi ya skrini bandia katika Windows 10 mwaka 2016. Kwa upande wa Apple mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2018 ilitoa toleo la 10.13.4 la mfumo wake wa macOS, na skrini za ziada zilizotegemea teknolojia ya DisplayLink na programu ya Duet Display zikaacha kufanya kazi. Bidhaa zilikuwa zilezile na wateja walewale. Aliyebadilika ni mwenye nyumba.

Mwaka 2019 mwenye nyumba huyo akafungua duka lake mwenyewe. Apple ilitoa Sidecar, inayoifanya iPad kuwa skrini ya pili bila malipo ya ziada. Wapangaji waliokuwa wakiuza huduma hiyo wakajikuta wanashindana na bei ya sifuri.

Hii haina maana kwamba biashara hiyo haifai. Mwaka 2020 kampuni ya Synaptics ya Marekani iliinunua DisplayLink kwa Dola za Marekani milioni 305. Lakini DisplayLink haikutegemea mlango mmoja. Ilikuwa ikiuza vipuri vya kielektroniki kwa watengenezaji wa vifaa vya kuunganishia skrini, na soko lake lilifika mbali nje ya kompyuta za Apple. Hata leo programu yake kwenye Mac humwomba mtumiaji ruhusa ya kurekodi skrini, ruhusa ileile ya njia ya kwanza.

Kwa maoni ya safu hii, mtengenezaji mwenye mtaji mdogo aanze na kunasa skrini, apate wateja, ndipo aingie kwenye skrini bandia pale ambapo mwenye mfumo amefungua mlango rasmi. Anayetaka kuanza na skrini bandia kwa kupitia dirishani atumie fedha zake mwenyewe, si zako.

Mpango wa biashara ukiwekwa mezani, mwulize mwenye nao maswali matatu. Ruhusa unayoitegemea imeandikwa rasmi wapi? Ikiondolewa kesho, utabaki na bidhaa gani ya kuuza? Na mwenye mfumo akiigawa huduma hiyo bure, mteja atakulipa kwa lipi? Asiye na majibu ya maswali hayo hajawa tayari kupokea fedha ya mtu.