Kazi za Mikono: Manyoya ya Chambo Yapatikana Uani

Leo twatazama kazi ndogo ya vidole ambayo kwa watu wengi wa Ulaya na Marekani ni burudani, na kwa mafundi kadhaa wa Kenya ni riziki: kufunga vyambo vya manyoya. Chambo hicho ni ndoana iliyovikwa uzi, manyoya na nywele za wanyama ili ifanane na mdudu wa majini. Hutumika hasa kuvulia samaki aitwaye trauti, aliyeletwa Kenya mwaka 1905 katika mto Gura, milima ya Aberdare. Vyambo vinavyofungwa na mafundi wa nchi hiyo huuzwa hata ng'ambo.

Anayeanza kazi hii hushikwa upesi na tamaa. Aona dukani mifuko ya kila rangi, naye adhani kwamba bila hiyo yote hawezi kitu. Hununua leo, hununua kesho. Fedha za nyumbani hupungua, na manyoya huliwa na nondo sandukuni. Wazee walisema: Mchagua jembe si mkulima. Samaki hajui bei. Yeye hutazama ukubwa wa kitu, umbo lake, na jinsi kinavyokwenda majini.

Mfano mwema ni Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon katika Wiltshire, Uingereza. Chambo chake kilichojulikana sana, alichokieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958, kina vitu viwili tu juu ya ndoana: nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege aitwaye fezanti, na waya mwembamba wa shaba. Waya huo hufanya kazi mbili: hufunga manyoya mahali pa uzi, tena huzamisha chambo kwa uzito wake. Chambo chake kingine alikifunga kwa sufu ya kushonea soksi zilizotoboka. Kiwanda kilipoacha kuitengeneza sufu ile, watu walianza kutafuta mabaki yake kwa bei kubwa, kana kwamba nguvu ilikuwa katika jina, wala si katika rangi na ulaini wake!

Basi, kabla ya kununua, tuulize: kitu hiki kitafanya nini majini? Manyoya ya shingo ya jogoo ni magumu na yenye kung'aa. Husaidia chambo kuelea. Yale ya kuku jike ni laini, hunywa maji na kutikisika kama miguu ya mdudu. Yafaa kwa chambo cha kuzama. Manyoya madogo ya bata, yaliyo karibu na tezi yake ya mafuta, huelea vizuri sana. Manyoya ya sungura, yakisokotwa juu ya uzi uliopakwa nta, hufanya mwili wa mdudu.

Vitu hivi vyote vyapatikana karibu. Siku ya kuchinja kuku, shingo na mkia visitupwe. Aombwe fundi wa nguo mabaki ya nyuzi na sufu. Waya mwembamba wa shaba hutoka katika mota ya umeme iliyokufa. Lakini manyoya ya uani yasitiwe sandukuni hivi hivi, kwa maana huwa na wadudu. Yaoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, yakaushwe vizuri, ndipo yafungwe katika chombo kisichopitisha hewa pamoja na dawa ya nondo. Mwenye friza na ayagandishe kwanza siku kadhaa.

Kitu kimoja kisipunguziwe fedha: ndoana. Ndoana dhaifu hunyooka samaki anapovuta, na kazi yote yapotea. Hapo ndipo rahisi huwa ghali.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya mfuko. Katika karne ya 19 Waingereza walipenda kupamba vyambo vya samaki salmoni kwa manyoya ya ndege adimu wa nchi za joto. Mtindo huo haujafa. Wengine huvifunga vyambo hivyo ili kuvitazama tu, wala havitupwi mtoni. Kwa ajili ya manyoya hayo, mwezi wa Juni 2009, mwanafunzi mmoja wa muziki alivunja dirisha la jumba la makumbusho huko Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege, nyingine zilizokusanywa na mtaalamu Alfred Russel Wallace. Alihukumiwa mwaka 2011. Baadhi ya ngozi zilirudishwa, lakini nyingine zilikuwa zimeng'olewa vibandiko vya mahali na tarehe, na elimu iliyokuwa ndani yake imepotea. Na hayo yote kwa pambo, hali manyoya ya bata bukini au bata mzinga yaliyotiwa rangi yangetosha!

Kwa hiyo, enyi vijana, chagueni chambo kimoja chepesi. Tafuteni vitu vyake tu, mfunge kumi na viwili vinavyofanana, ndipo mfikirie cha pili. Ndege wa mwitu asitegwe kwa ajili ya manyoya yake, wala yasinunuliwe manyoya ambayo muuzaji hawezi kueleza yalikotoka. Jogoo wa uani atosha.