OD ya Uingereza si OD ya Marekani

Wengi wenu mnatumiana picha za vyeti vya dawa: mama yuko Tanga, mtoto Leicester, shangazi Minnesota, na kila mmoja anazisoma herufi zile zile kivyake. Hicho ni Kilatini kilichofupishwa. BD ni bis die, mara mbili kwa siku. TDS ni ter die sumendum, "ya kutumiwa mara tatu kwa siku", ndiyo ile "kutwa mara tatu" ya dirisha la dawa kwetu. Stat ni statim, papo hapo.

Ninayoipenda ni PRN, pro re nata. Neno kwa neno ni "kwa jambo lililozaliwa": jambo likizuka, tumia, lisipozuka, acha. Basi parasetamoli ikiandikwa PRN, huna deni la kuimaliza. Ila maumivu hayakupi ruhusa ya kuzidisha: kwa mtu mzima, vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4.

Inayonitia hofu ni OD. Uingereza ni omni die, kila siku mara moja. Marekani ni oculus dexter, jicho la kulia! Huko "kila siku" iliandikwa QD, quaque die, ikawa inachanganywa na QOD, yaani leo unakunywa, kesho unapumzika. Mwaka 2004 Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali, kikaziweka zote mbili kwenye orodha ya vifupisho visivyotakiwa. Ukiona OD kwenye cheti cha nchi nyingine, muulize mfamasia kabla hujamtafsiria mama.