Harusi Wiki Tatu, Injini Bado Iko Mezani!

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi, na kama kawaida nyingi ni za fumanizi na za mawifi. Iliyonishika mkono lakini ni ya dada mmoja wa Arusha. Harusi yake imebaki wiki tatu. Mchumba wake ana Subaru Impreza WRX, injini imeshushwa, imefanyiwa ovaholi, na mwanaume ameapa kwamba watatoka kanisani na gari hilo hilo. Sasa amemwomba bibi harusi mtarajiwa atoe kwenye akiba yake pesa ya gasketi, mipira ya petroli, spana ya toki na kupaka rangi menifodi. Mashoga zake wanamwambia ameshaliwa. Yeye anauliza mambo mawili: atoe au asitoe? Na je, gari litawahi harusi?

Dada yangu, nitakujibu, lakini kwanza tuingie gereji kidogo. Najua wengine mtafungua ukurasa wa mitindo, haya, nendeni, mtarudi.

Injini ya mchumba wako, kama ni WRX ya miaka ya nyuma, ni EJ20. Subaru walianza kuiweka kwenye Legacy mwaka 1989, na Impreza WRX ikaipata 1992. Ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zinarushiana ngumi kama mabondia. Mapenzi ya vijana wetu kwa gari hili hayakutoka hewani: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, na Richard Burns akashinda ya mwaka 2000 na Impreza vilevile. Mvulana aliyesimama pembeni ya barabara na kulamba vumbi lile leo ni mwanaume mwenye mshahara, na mshahara wenyewe ndio huo unauona unakwenda Gerezani na Kirinyaga Road kununua spea.

Menifodi ya hewa ni lile bakuli la aluminiamu lenye mikono minne linalokaa juu kabisa ya injini, limepanda hedi zote mbili kama mtu aliyepanda punda. Hewa ikishapita kwenye chujio na kusukumwa na tabo, inaingia humo na kugawiwa kila silinda. Kati ya menifodi na hedi kuna gasketi, moja kila upande. Kufunga kwenyewe ni bolti chache tu, na fundi mwenye haraka anamaliza kabla chai haijapoa. Hapo ndipo penye balaa, kwa sababu kazi yote ngumu na ya gharama imeshafanyika chini yake, na kila mtu amechoka, na pesa imekwisha, na bwana harusi anapiga simu kila baada ya dakika kumi.

Nianze na rangi, maana hii ndiyo iliyonitia wasiwasi kwenye barua. STI za zamani zilikuwa na menifodi nyekundu yenye mikunjo mikunjo, na kila mwenye WRX anaitaka. Hakuna ubaya, mtu apendeze. Lakini ili rangi ishike, wapaka rangi wengi huipiga menifodi kwa mchanga wa upepo. Ule mchanga unaingia ndani ya mikono ile minne na kujibana kwenye kona ambazo jicho halifiki. Ukiipangusa kwa nje inang'aa kama sahani ya harusi. Siku injini inawaka, mchanga unanyonywa moja kwa moja kwenye silinda, hakuna chujio la kuuzuia tena, na ringi mpya zinasagwa kabla hazijazoea hata nyumba yao. Mimi kwa maoni yangu menifodi iliyopigwa mchanga ndani na nje ni bora itupwe kuliko kufungwa bila kuoshwa sawasawa. Matundu yote yazibwe kabla ya kupiga mchanga, kisha ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, brashi ndefu ipite kila mkono, ipulizwe kwa kompresa, halafu ioshwe tena. Ukipitisha kitambaa cheupe ndani, kitoke cheupe. Na rangi isiguse kabisa sehemu inayokutana na gasketi.

Jambo jingine ni vilivyofichwa chini. Menifodi ikishakaa, kuna vitu hutavigusa tena bila kuifungua: sensa inayosikiliza injini ikigonga, mipira ya kupumulia mvuke wa oili, mabomba ya maji na ringi zake za mpira. Kama vimekauka na kupasukapasuka, sasa hivi ndiyo wakati wake. Mpira wa bei ya soda usiobadilishwa leo utalipiwa siku nzima ya ufundi baadaye. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mashoga zako hawakupigia, dada yangu.

Halafu usafi wa uso wa hedi. Aluminiamu ni laini, ukikwangua gasketi ya zamani kwa bisibisi unaacha mifereji, na hewa inapenda mifereji. Kikwangulio cha plastiki na subira vinatosha. Wapo wanaotumia gurudumu la msasa kwenye drili kwa sababu ni haraka. Unga wake ni kama mchanga ule ule, ukiingia kwenye oili unamaliza mabearing. Matundu yazibwe kwa matambara safi, na matambara yahesabiwe. Manne yameingia, manne yatoke. Usicheke, nati moja iliyodondoka ndani ya tundu la hewa bila mtu kuiona inatosha kuvunja pistoni, na hakuna fundi atakayekubali kwamba ilikuwa yake. Rula ya chuma iliyonyooka ilazwe juu ya uso wa menifodi kuona kama imepinda, maana iliyopinda haizibiki hata ukaze mpaka ulie.

Gasketi ziwe mpya, zifungwe kavu. Ile silikoni mnayoiona imefura pembeni za injini za mtaani haina kazi hapa. Inayominywa kwenda nje ni uchafu tu, inayominywa kwenda ndani inakatika na kunyonywa. Bolti zote zishikwe kwanza kwa vidole, kushoto na kulia, ndipo zikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, upande wa pili unainuka na huujui. Kwa EJ20 nyingi kipimo ni Newton mita 25 hivi, na kitabu cha gari lenyewe ndicho cha mwisho. Hiyo 25 ni kidogo mno kwa mkono wa fundi aliyezoea nati za tairi. Ataipita bila kujua, uzi wa aluminiamu utachomoka pamoja na bolti, na hapo mtaanza kutafuta mchonga nyuzi siku mbili kabla ya ndoa. Ndiyo maana nasema spana ya toki uliyoombwa siyo anasa. Hiyo nunua.

Kikivuja itakuwaje? Gari likiwa limesimama linanguruma, menifodi inanyonya. Hewa inayoingia kwenye ufa haijapimwa na sensa wala haijapita kwenye chujio. Sailensa inapanda na kushuka, gari linatetemeka kama lina homa, na vumbi letu la Arusha linapita humo humo. Ukikanyaga mafuta na tabo ikaanza kusukuma, mambo yanageuka: hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje, petroli inazidi, moshi mweusi, nguvu hakuna. Mwenye gari anadhani tabo imekufa, ananunua tabo. Nimeona wanaume wazima wakinunua tabo kwa sababu ya gasketi.

Mipira myembamba inayozunguka menifodi nayo isirudishwe kwa kubahatisha. Ipo inayohusika na kuizuia tabo isisukume kupita kiasi. Ikiachwa wazi, au ikichomekwa pasipo pake, tabo inajaza upepo bila breki, na pistoni za EJ20 zinajulikana kwa kuvunjika pale kwenye kingo za ringi injini inapogonga. Kila mpira ufungiwe kikaratasi chenye namba wakati wa kufungua. Kama hawakufanya hivyo, watafute mchoro.

Na petroli. Mabomba ya kupeleka petroli kwa injekta yamekaa juu ya menifodi hiyo hiyo, na tabo yenye moto mkali iko jirani. Mpira wa petroli uliokauka, au klipu iliyolegea, ni moto. Siyo msemo, ni moto wenyewe, na wewe umekaa kiti cha mbele na shela. Swichi iwashwe kwanza bila kupiga stata, pampu isikike, mtu apapase kila kiungo kwa mkono mkavu. Mtungi wa kuzimia moto uwe pale pale. Na kama kuna fundi anayetaka kutafuta uvujaji kwa kunyunyiza petroli juu ya injini inayonguruma, mchukue mchumba wako muondoke. Maji ya sabuni na upepo mdogo wa kompresa, injini ikiwa imezimwa, yanaonyesha povu vizuri tu.

Haya, majibu. Toa pesa ya gasketi, mipira na spana, kama hiyo akiba unaweza kuishi bila kuiona tena. Risiti uzishike wewe. Rangi ajilipie mwenyewe, tena baada ya kukueleza menifodi itaoshwa vipi. Kuhusu wale wanaosema anapenda gari kuliko wewe, sina la kusema kwa barua ya ukurasa mmoja. Ila mwanaume aliyekuambia ukweli kwamba pesa imemwishia wiki tatu kabla ya harusi, mimi simweki kundi moja na yule anayekopa kimya kimya. Najua mnangoja niseme ndoa nayo ni kama menifodi. Sisemi.

Gari kuwahi harusi? Hapana. Hata wakifunga kesho kutwa, injini mpya inahitaji kulelewa. Kwa gari jipya Subaru hutaja kilomita 1,600 za mwanzo za kuendesha kwa upole, bila kukanyaga mpaka chini na bila kuiacha injini kwenye mzunguko ule ule muda mrefu. Msafara wa harusi ni nini? Ni kunguruma mahali pamoja, juani, kiyoyozi kimewashwa, mbele kuna gari la matarumbeta, na marafiki zake nyuma wanampigia honi aonyeshe tabo. Atakanyaga tu, namjua.

Kodini gari jingine kwa siku hiyo, mfunge riboni, mpige picha. Ile Impreza ibaki gereji mpaka mtoke fungate, na fundi aambiwe leo hii, kwa simu, kwamba hakuna tena tarehe ya kukimbilia.