Mwulizeni fomeni, siyo mkurugenzi

Kila mwaka kuna wenzetu wa uhandisi na ukadiriaji majenzi wanaoandika tasnifu kuhusu utayari wa kampuni za ujenzi kutumia teknolojia za kidijitali. Dodoso ni lile lile. Mna kompyuta? Mna intaneti? Mnaifahamu BIM, yaani modeli ya jengo inayobeba michoro, vipimo na gharama kwa pamoja? Mkurugenzi anatiki "nakubali sana", nasi tunahitimisha kuwa utayari ni wa wastani.

Tunamuuliza mtu siye. Jengo linajengwa na fomeni mwenye mchoro wa karatasi uliokunjwa hadi ukachanika, na fundi anayepokea maelekezo kwa mdomo. Nikiwa field, mbunifu alihamisha mlango wa choo Jumatatu. Ofisini walijua siku hiyo hiyo, barua pepe iliingia. Saiti habari ilifika Alhamisi, kwa picha ya WhatsApp yenye ukungu, ukuta ukiwa umeshafika linta. Ukabomolewa. Tofali, saruji na jasho la vibarua vikaenda bure. Na kampuni ile ukiipelekea dodoso inafaulu vizuri tu: programu za kisasa inazo, hata droni ya kupigia picha za kalenda inayo!

Mimi ningeuliza swali moja: mchoro ukibadilika leo, fundi anajua baada ya muda gani? Hilo linapimika kwa saa, na halihitaji maoni ya mtu.

Watasema makandarasi wetu hawako tayari, tusubiri. Hapo nabisha. Zabuni za umma zilipohamia NeST mwaka 2023, hata mkandarasi wa daraja la saba ilibidi ajifunze kuomba kazi mtandaoni, maana nje ya mfumo hakuna kazi. Uingereza nayo ilitangaza mpango wake wa BIM mwaka 2011, na ilipofika 2016 miradi ya serikali kuu ikaidai. Mteja mkubwa akidai, utayari unatafutwa. Kwetu mteja huyo ni Serikali, basi ianze na makandarasi wa daraja la kwanza: mkataba useme mabadiliko ya mchoro yafike saiti siku hiyo hiyo, na atajwe mtu wa kuyapokea. Kishikwambi kimoja na bando vinatosha kuanzia. Na tusiambiwe fomeni hataweza. Makarani wa Sensa ya 2022 walifundishwa vishikwambi, wakazunguka navyo nchi nzima.

Mnaokwenda field mwaka huu, kwa kila badiliko andikeni tarehe mbili: lilipotoka kwa mbunifu, na lilipomfikia fundi mwenye mwiko. Fanyeni hivyo kwenye saiti zenu zote, kisha tukutane tuzilinganishe kabla hatujachapisha dodoso lingine.