Nahau Ngeni Haifunguki kwa Kamusi Peke Yake

Mwanafunzi wa sekondari akikuta sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba mtu fulani "got the sack", hukimbilia maneno: kupata, gunia. Hapo ndipo anapokwama, kwa kuwa kila neno analijua na maana haioni. Nashikilia kwamba shida yake si uchache wa msamiati, ameanzia pasipofaa. Aendelee hadi sentensi ya pili, inayosema jamaa huyo sasa anapeleka maombi ya kazi huku na huku, na lile gunia litajieleza: mtu kamwaga unga. Nasi tusemapo hivyo hakuna unga uliomwagika, wala hakuna mtoto wa Kiswahili aliyeijua nahau hii kwa kuchambua neno "unga". Aliwasikia wakubwa wakimzungumzia jirani aliyefukuzwa kazi, akaona walivyosikitika, akaelewa.

Uwezo huo tunao, ila tukiingia kwenye Kiingereza tunauacha mlangoni. Tunatafuta nahau ya kwetu inayofanana kwa sura, na kufanana huko kunapoteza watu. Waingereza husema "beat about the bush", kupigapiga kandokando ya kichaka, na masikio ya Mswahili yanausikia mbuyu. Lakini kwetu kuzunguka mbuyu ni kutoa hongo. Wao wanamsema mtu anayezungusha maneno bila kufika kwenye jambo lenyewe, na picha yao imetoka kwa wawindaji waliopiga vichaka ili ndege watoke. Mkalimani wa mahakamani akizichanganya hizo mbili, shahidi anayesitasita atageuka mtoa rushwa. Mkalimani huyo angejiuliza tu kwamba hapa linazungumzwa jambo gani, pesa au jibu lisilotoka, mbuyu usingemjia kabisa.

Wapo watakaosema kwamba kamusi zimejaa, na siku hizi zimo hata kwenye simu. Ya nini kukisia? Kamusi ni nzuri, nami sitaki mtu aitupe. Ila haikuambii aliyesema ni nani. Winston Churchill, katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili, ameeleza jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kuhusu kitenzi "table". Kwa Waingereza, kuweka hoja mezani ni kuijadili papo hapo. Kwa Wamarekani ni kuiahirisha. Pande zote mbili zilitaka jambo lilelile. Kamusi nzuri inazo maana zote mbili, na kuchagua kati yake kunabaki kazi ya msomaji.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mazingira nayo hudanganya. Ni kweli, na ushahidi upo. Aprili 1951, kwenye mto Imjin nchini Korea, kikosi cha Waingereza cha Gloucester kilizingirwa na majeshi ya China. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie alimweleza jenerali wa Kimarekani, Robert Soule, kwamba mambo yalikuwa "a bit sticky", yaani yananata kidogo. Kinywani mwa ofisa wa Kiingereza, "kidogo" hiyo ilikuwa kilio. Mmarekani alisikia kwamba hali ni ngumu lakini inabebeka. Askari zaidi ya 500 wa kikosi hicho waliishia kutekwa. Msiba huo hauwezi kubebeshwa maneno hayo peke yake, lakini tazama kilichokosekana: maneno yote yalieleweka, ila mazoea ya msemaji hayakupimwa, na maana iliyokisiwa haikurudishwa kwake aithibitishe.

Kwa hiyo kukisia kunakwenda pamoja na kuuliza, na yote mawili hufundishika. Tanzania, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari, orodha ya nahau na maana zake inamwandaa kijana kwa swali moja la mtihani tu. Napendekeza mwalimu aandike ubaoni aya nzima, aifunike ile nahau kwa kiganja, awaulize wanafunzi ni neno gani la kawaida lingeingia pale na kwa nini. Kisha aondoe mkono, na kamusi zifunguliwe.