Viti vya Mbele Virudishiwe Bei Yake

Tukizungumzia gharama ya sinema huwa tunataja tikiti tu, kwa sababu bei yake ndiyo iliyoandikwa ukutani. Mimi ninaomba tuhesabu safari nzima, kuanzia mlango wa nyumbani hadi kurudi mlangoni.

Likizo ya Juni tuliondoka Mbagala watu watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na binti wa dada yangu aliyekuja kututembelea kutoka Songea. Ukumbi uko ndani ya jengo la maduka, ng'ambo ya pili ya jiji. Daladala kwa wote, shilingi 4,000. Tikiti za wakubwa 12,000 kila moja, za watoto 10,000, jumla 54,000. Mlinzi alipekua mkoba wangu akatoa karanga na chupa za maji, basi ikabidi tununue humo humo: bisi na soda za watoto 36,000, maji yetu 4,000. Filamu ilikwisha karibu saa nne usiku, watoto wanasinzia, tukaita gari kwa simu mpaka kwetu Mbagala Rangi Tatu, 28,000. Jumla kuu 126,000.

Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000, na sisi watumishi tulishangilia kwa haki kabisa. Lakini jioni ile moja ingemlia mhudumu wa ofisi ya serikali robo ya mshahara wake mpya. Na huyo ana mshahara. Mama ntilie na kijana wa bodaboda hata sijawahesabu.

Sisemi wenye kumbi ni wezi. Nimejaribu kuielewa biashara yao. Fedha ya tikiti haibaki yote mfukoni mwao. Mwenye filamu huchukua fungu lake, mara nyingi karibu nusu, na filamu ikiwa mpya fungu hilo huwa kubwa zaidi. Kuna kodi ya ongezeko la thamani. Kuna pango la jengo, mashine za kuonyeshea zinazoagizwa nje, viyoyozi visivyolala, na jenereta la kungoja umeme ukatike. Ndiyo maana bisi ya ukumbini ni ghali kuliko bisi ya mtaani kwetu, inayouzwa 500 kwa mfuko: faida ya bisi haigawanywi na mtu wa Hollywood.

Yote hayo nayakubali. Ninachokikataa ni bei moja kwa kila kiti na karibu kila saa.

Nimekulia Kariakoo, na nimewahi kuona jiji hili likiuza tikiti kwa namna nyingine. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo na New Chox, nyingi zikiwa mwendo wa miguu kutoka mitaa ya watu. Wenye magari walikuwa na Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, pale ulipojengwa ubalozi wa Marekani. Baba yangu alikuwa karani bandarini. Mwezi ukiwa mzuri tulikaa katikati. Mwezi ukiwa mbaya tulikaa mbele kabisa, shingo zimeinuka, uso wa mwigizaji wa Kihindi Mithun Chakraborty mkubwa kama ghorofa. Juu kwenye balkoni walikaa wenye nazo. Bei zilitofautiana sana, lakini filamu ilikuwa ile ile, na kicheko kilianzia mbele kikapanda mpaka juu. Mtoto wa karani na mtoto wa mwenye duka walitoka wakiimba wimbo mmoja.

Kumbi zile zilikufa kwa mambo mengi, video na televisheni yakiwamo, na siombi zifufuke. Ninaomba kitu kimoja tu walichokijua wale wazee: kiti cha mbele si kiti cha nyuma, na Jumanne asubuhi si Jumamosi usiku.

Atakayesema jambo hilo haliwezekani siku hizi aje Mbagala nimpeleke kwenye kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, feni moja, pazia zito mlangoni. Mwenye kibanda hana shahada ya biashara, lakini mchana anaonyesha muvi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa bei ambayo mtoto aliyetumwa dukani anaweza kuimudu kwa chenji. Usiku wa mechi kubwa ya Ulaya bei inapanda, na watu wanajaa mpaka wengine wanachungulia dirishani. Anajua saa yake na anamjua mteja wake. Wanafunzi wangu wengi wameijulia filamu humo, au kwa yule kijana wa kona anayewajazia muvi kwenye flashi bila mwenye kazi kupata hata senti. Hilo la mwisho linaniuma, ila siwezi kumkemea mtoto aache flashi wakati njia halali amewekewa 10,000 mlangoni.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita. *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, nimeifundisha mpaka nakala yangu imeachia gamba. Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, kisha mwaka 2022 ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Filamu ya Kiswahili, ya Zanzibar ya miaka ya 1950, inayotokana na kitabu ambacho wanafunzi wetu wanakijibia mtihani! Niliuliza kwenye ukumbi mmoja kama ningeweza kuwaleta wanafunzi wangu siku ya kazi, asubuhi, waione wakiwa wamekaa pamoja gizani, sauti ikiwazunguka, badala ya kuiangalia vipande vipande kwenye simu iliyopasuka kioo. Nikajibiwa kwamba bei ni 10,000 kwa kila mmoja, asubuhi au jioni. Wanafunzi 43, yaani 430,000, basi la kukodi bado. Wazazi walipoulizwa, mmoja alinijibu kwa upole mkubwa: "Mwalimu, hiyo ni unga wa wiki mbili."

Nilimwelewa. Lakini ukumbi ule asubuhi ile ulikuwa mtupu. Viti vilikuwepo, pango la mwezi lilikuwa linalipwa vile vile, wafanyakazi walikuwa wanafagia. Kiti kilichokaa bila mtu hakiingizi chochote. Watoto 43 kwa 3,000 ni 129,000, na kila mmoja akinunua bisi ya 1,000, hapo pamepatikana kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kubwa zaidi, wametoka watoto 43 wanaojua njia ya kufika sinema. Miaka kumi ijayo watakuwa na mishahara, na nani atawaambia waende mahali ambapo hawajawahi kukanyaga?

Najua baadhi ya kumbi hutoa punguzo siku fulani za wiki, na hizo nazipongeza. Punguzo la elfu mbili, hata hivyo, linamfaa aliyekwisha kuamua kwenda. Mtu wa Mbagala, Gongo la Mboto au Tandale haliwezi kumtoa nyumbani. Safu mbili za mbele ziuzwe 3,000 kila siku, hata Jumamosi, na asiyetaka kuinua shingo alipe 12,000 akae nyuma. Maonyesho ya mchana wa siku za kazi yawe na bei yake. Mkoba wa mama wenye karanga uachwe upite.

Serikali nayo isikae pembeni. Bodi ya Filamu ipo, Wizara ya Elimu ipo. Waite wenye kumbi na wenye filamu za Kitanzania mezani, wakubaliane bei ya shule, na onyesho la wanafunzi lisitozwe kodi. Zanzibar, tamasha la ZIFF limeonyesha filamu Ngome Kongwe tangu 1998, chini ya anga tupu, kwa hiyo hata hoja ya kwamba lazima pawe na zulia jekundu na kiyoyozi mimi siipokei. Uwanja wa shule yetu una ukuta mpana. Mwenye filamu akiridhia na mashine ikipatikana, wazazi nao watakuja na mikeka.

Ila ningependa waanzie ukumbini, penye sauti na kioo kizuri kama vya watoto wa wengine. Ratiba ya darasa langu Jumanne ina vipindi viwili vya fasihi vilivyofuatana, saa mbili na nusu mpaka saa nne, na mwalimu wa jiografia ameshakubali kuniachia cha tatu. Mwenye ukumbi aliye tayari kwa 3,000 anitafute kupitia gazeti hili. La basi nitalihangaikia mwenyewe.