Utafiti wa Pamoja wa Injini za Ndege Barani Ulaya na Maana Yake kwa Nchi Zinazonunua Teknolojia

Na Mwandishi Wetu

KILA kilo moja ya mafuta ya ndege inayoungua huzalisha takribani kilo 3.16 za hewa ukaa. Kaboni iliyomo katika mafuta hujiunga na oksijeni ya hewani, na kwa sababu hiyo moshi unaobaki angani huwa na uzito mkubwa kuliko mafuta yaliyotoka kwenye tangi. Hakuna kichujio kinachoweza kufungwa nyuma ya injini ya ndege ili kupunguza kiasi hicho. Kwa mafuta ya kawaida, njia pekee ya kupunguza hewa ukaa ni kuchoma mafuta machache zaidi kwa safari ileile.

Huo ndio msingi wa kazi ambayo nchi za Ulaya zimeifanya kwa pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Viwanda ambavyo kila siku hushindana sokoni, vyuo vikuu na taasisi za utafiti vimeunganishwa chini ya ufadhili wa Umoja wa Ulaya ili kutafuta injini inayotumia mafuta kidogo, yenye kelele ndogo na inayotoa gesi chache zenye madhara. Matokeo ya kazi hiyo hayaishii Ulaya. Baadhi yake tayari yanaruka katika anga ya Tanzania, yakiwa na faida zake na pia changamoto zake.

Malengo yaliyowekwa

Mwaka 2001 jopo la viongozi wa sekta ya anga barani Ulaya lilitoa dira ya usafiri wa anga hadi mwaka 2020. Mwaka huohuo liliundwa Baraza la Ushauri wa Utafiti wa Anga Ulaya, linalojulikana kwa kifupi kama ACARE. Malengo yake yalikuwa ni kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 50 kwa kila abiria kwa kilomita, kupunguza oksidi za naitrojeni kwa asilimia 80 na kupunguza kelele kwa nusu, yote yakilinganishwa na hali ya mwaka 2000. Katika lengo la hewa ukaa, injini zilipangiwa kuchangia asilimia 15 hadi 20, huku sehemu iliyobaki ikitarajiwa kutokana na umbo la ndege na uongozaji bora wa safari za anga. Mwaka 2011 dira mpya ya hadi mwaka 2050 iliongeza viwango hivyo hadi asilimia 75 kwa hewa ukaa, asilimia 90 kwa oksidi za naitrojeni na asilimia 65 kwa kelele.

Malengo haya yalikuwa na umuhimu wa pekee kwa sababu yaliwekwa hadharani kwa tarakimu na kwa tarehe. Mwananchi wa Ulaya ambaye kodi yake inagharimia utafiti alipewa kipimo cha kuuliza: je, tumefika?

Mafundi wanashindana na nini?

Ili kuelewa ugumu wa kazi yenyewe, ni vyema kuiangalia injini ya ndege kubwa ya abiria. Mbele kuna feni kubwa inayovuta hewa. Sehemu ndogo ya hewa hiyo huingia ndani, ambako kompresa huibana mara nyingi kabla ya kuchanganywa na mafuta katika chumba cha mwako. Gesi ya moto inayotoka huzungusha turbini, nayo turbini huzungusha kompresa na feni. Sehemu kubwa ya hewa hupita pembeni bila kuungua, na hiyo ndiyo inayotoa nguvu kubwa ya kuisukuma ndege mbele.

Kwa hiyo zipo njia mbili za kuokoa mafuta. Ya kwanza ni kuongeza ukubwa wa feni ili isukume hewa nyingi kwa mwendo wa taratibu, kwani kusukuma hewa nyingi polepole kunahitaji nishati ndogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi. Ya pili ni kuongeza mgandamizo na joto ndani ya kiini cha injini ili kila tone la mafuta litoe kazi kubwa zaidi.

Kila njia ina gharama yake. Feni kubwa huongeza uzito, na ganda linaloizunguka huongeza ukinzani wa hewa. Aidha, feni kubwa hutaka kuzunguka polepole wakati turbini inayoiendesha hufanya kazi vizuri ikizunguka kwa kasi. Kwa upande wa joto, gesi inayoingia katika turbini huwa na joto linalozidi kiwango cha kuyeyuka kwa metali ya vile vya turbini. Vile hivyo husalimika kwa sababu hupozwa kwa hewa inayopita katika matundu madogo na kwa sababu vimefunikwa kwa utando maalumu. Zaidi ya hayo, kadiri joto linavyopanda ndivyo naitrojeni na oksijeni za hewani zinavyoungana na kuzalisha oksidi za naitrojeni, ambazo huchafua hewa kuzunguka viwanja vya ndege. Kwa maneno mengine, hatua inayopunguza hewa ukaa inaweza kuongeza uchafuzi wa aina nyingine.

Miradi iliyogawana kazi

Mgawanyo wa miradi ya Ulaya ulifuata mgawanyo huo wa matatizo. Mradi wa VITAL, ulioongozwa na kampuni ya Snecma ya Ufaransa, ulishughulikia feni na sehemu za mgandamizo mdogo, ukilenga kupunguza uzito na kelele. Mradi wa NEWAC, ulioanza mwaka 2006 chini ya uongozi wa MTU Aero Engines ya Ujerumani, ulishughulikia kiini cha injini. Mradi wa DREAM, ulioongozwa na Rolls-Royce ya Uingereza kuanzia mwaka 2008, ulichunguza injini zisizo na ganda. Baadaye ilifuata miradi ya LEMCOTEC na ENOVAL iliyoendeleza kazi hizo.

NEWAC ni mfano mzuri wa namna watafiti walivyokabiliana na mvutano uliotajwa hapo juu. Walichunguza namna ya kupoza hewa katikati ya hatua za kompresa, ili kuibana kuhitaji kazi ndogo zaidi, na pia namna ya kutumia joto la gesi inayotoka nyuma kupasha hewa kabla ya kuingia katika chumba cha mwako. Sambamba na hilo, walijaribu vyumba vya mwako vinavyotumia hewa nyingi na mafuta kidogo, ambamo mwali hauna maeneo yenye joto kali yanayozalisha oksidi za naitrojeni. Ugumu wake ni kwamba mwali wa aina hiyo unaweza kutikisika au kuzimika, jambo lisilokubalika kwa ndege iliyo angani. Vilevile, vifaa vya kubadilishana joto vina uzito, na uzito huo unaweza kumeza akiba ya mafuta iliyopatikana. Ndiyo maana baadhi ya mawazo hayo yaliyofaulu katika maabara bado hayajafika kwenye ndege za abiria.

Injini isiyo na ganda ina historia ya kufundisha. Wazo hilo lilipata nguvu baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 1970, na kampuni ya General Electric ya Marekani iliijaribu injini ya aina hiyo angani mwaka 1986. Bei ya mafuta iliposhuka, wazo likawekwa kando. Utafiti wa Ulaya ulilirudisha mezani, na mwaka 2017 kampuni ya Safran ilifanya majaribio ya ardhini ya injini yenye safu mbili za mapangaboi yanayozunguka kinyume, katika kituo cha Istres kusini mwa Ufaransa. Mwaka 2021 Safran na General Electric zilitangaza mpango wa RISE, unaoendeleza wazo hilo kwa safu moja ya mapangaboi yanayozunguka, kwa lengo la kuokoa asilimia 20 ya mafuta ikilinganishwa na injini za sasa.

Kwa upande wake, Rolls-Royce ilichagua feni kubwa yenye giaboksi, ambayo huruhusu feni na turbini kuzunguka kwa kasi tofauti. Injini yake ya majaribio, UltraFan, yenye feni ya kipenyo cha inchi 140, iliwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 mjini Derby ikitumia mafuta endelevu ya ndege kwa asilimia 100.

Nani analipa, na kwa nini washindani washirikiane?

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha ubia wa Clean Sky wenye thamani ya euro bilioni 1.6, nusu ikitolewa na umma na nusu na viwanda. Mwaka 2014 ilifuata Clean Sky 2, yenye thamani ya takribani euro bilioni 4. Tangu mwaka 2021 kazi hiyo inaendelezwa na Clean Aviation, ambapo Umoja wa Ulaya unachangia euro bilioni 1.7 na viwanda vinatarajiwa kuchangia zaidi ya kiasi hicho.

Mantiki yake ni kugawana hatari. Teknolojia mpya ya injini huweza kuchukua miaka 15 au 20 kutoka katika ubao wa kuchorea hadi kubeba abiria, na nyingi huishia njiani. Hakuna kampuni inayopenda kubeba mzigo huo peke yake. Hivyo washindani hushirikiana katika hatua za awali, ambako maswali ni ya kisayansi, kisha kila mmoja hurudi kiwandani kwake kutengeneza bidhaa ya kuuza.

Mafanikio na mipaka yake

Injini zilizoingia sokoni katikati ya muongo uliopita, kama vile LEAP na familia ya PW1000G, zinatumia mafuta pungufu kwa takribani asilimia 15 kuliko zilizozitangulia katika ndege za ukubwa huohuo, na kelele zake ni ndogo zaidi. Hata hivyo, malengo hupimwa kwa kila abiria kwa kilomita. Idadi ya abiria duniani imekua kwa kasi kuliko uboreshaji wa injini, na hivyo jumla ya hewa ukaa ya usafiri wa anga iliendelea kupanda hadi janga la UVIKO-19 liliposimamisha safari mwaka 2020. Injini bora ni ya lazima, lakini peke yake haitoshi. Ndiyo maana tangu mwaka 2025 wasambazaji wa mafuta katika viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya wanatakiwa kuchanganya asilimia 2 ya mafuta endelevu, kiwango kitakachofika asilimia 6 mwaka 2030 na asilimia 70 mwaka 2050. Ndege inayomleta mtalii kutoka Ulaya kuja Kilimanjaro au Zanzibar inahusika moja kwa moja, kwani mafuta hayo ni ghali kuliko ya kawaida.

Mpaka wa pili ni uimara. Injini zinazofanya kazi kwa joto na mgandamizo mkubwa zaidi zina nafasi ndogo ya makosa. Mwaka 2023 ilitangazwa kuwa baadhi ya sehemu za injini za familia ya PW1000G zilitengenezwa kwa unga wa metali wenye kasoro, na mamia ya ndege duniani zikalazimika kusubiri ukaguzi. Injini za Trent 1000 nazo zilikumbwa na uchakavu wa mapema wa vile, na mashirika kadhaa ya kimataifa yaliegesha ndege zao.

Tanzania inahusikaje?

Ndege za Air Tanzania, zinazomilikiwa na Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, zimo ndani ya habari hii. Boeing 787-8 hutumia injini za Trent 1000 za Rolls-Royce. Airbus A220-300, ambazo ya kwanza ilipokelewa Desemba 2018, hutumia injini za familia ya PW1000G ambazo turbini yake ya mgandamizo mdogo hutengenezwa na MTU ya Ujerumani. Boeing 737 MAX 9 hutumia LEAP, injini ya ubia wa General Electric na Safran. Kwa hiyo, aina zote tatu za injini zina mkono wa viwanda vilivyoshiriki katika utafiti huu.

Wananchi wanakumbuka kwamba kuanzia mwaka 2022 baadhi ya ndege za A220-300 ziliegeshwa kutokana na tatizo la injini lililozikumba pia kampuni nyingine duniani. Tukio hilo linatoa somo. Anayenunua teknolojia ya kisasa hununua akiba ya mafuta, lakini pia hununua sehemu ya hatari ambayo maabara haikuimaliza. Kinga yake huwekwa mapema: katika mikataba inayobainisha nani anabeba gharama injini ikishindwa, katika upatikanaji wa injini za akiba, na katika wataalamu wa ndani wanaoweza kuona dalili ya tatizo kabla halijaisimamisha ndege.

Katika eneo hilo la mwisho nchi ina pa kuanzia. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kinafundisha wahandisi na mafundi wa matengenezo ya ndege, na kimeteuliwa kuwa kituo cha umahiri katika usafiri wa anga chini ya mradi wa kikanda unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Ulaya haikujenga uwezo wake kwa viwanda pekee. Vyuo vikuu vilikaa meza moja na watengenezaji tangu mwanzo, na wanafunzi wa wakati huo ndio wahandisi wa leo.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zilikubaliana kulenga utoaji sifuri halisi wa hewa ukaa ifikapo mwaka 2050. Ndege zinazonunuliwa leo zitakuwa bado zinaruka kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho. Kwa sababu hiyo, mwananchi anaposikia tangazo la ununuzi wa ndege mpya, pamoja na kuuliza idadi ya viti na njia zitakazohudumiwa, ana kila sababu ya kuuliza ndege hiyo ina injini gani, imejaribiwa kwa muda gani na nani ataitengeneza itakapoharibika.